Mtego Usioua

Mama yangu ana ugonjwa wa sukari, na kwa muda mrefu alikuwa akijinyima chakula kwa sababu ya paa niliyemnasa mimi nikiwa na miaka kumi. Naanza na sentensi hiyo kwa sababu kila nikijaribu kuanza kwingine napotea. Mwenyewe sikuielewa mpaka msimu huu wa kupanda, na bado kuna asubuhi niko kwenye cherehani, uzi mdomoni, najiuliza kama nimeielewa kweli.

Nashona nguo Kamembe, mji wa mpakani, kwenye baraza ya nyumba yetu. Ndege ikishuka uwanjani wateja wote hunyamaza kuisubiri ipite, halafu wanaendelea kubishana pale pale walipoishia. Mama anaishi nami. Hukaa nyuma yangu kwenye mkeka akinikosoa mikono ya magauni. Ni mwanamke mdogo wa umbo, mkali, asiyependa kuulizwa kitu mara mbili. Watu husema nimefanana naye kwa kila kitu isipokuwa umbo, na sijawahi kujua kama wananisifu.

Sisi Waislamu wa Kamembe mambo ya kuchinja hatuyafanyii mchezo. Mnyama achinjwe akiwa hai, jina la Mungu litajwe, damu itoke. Aliyekufa mwenyewe ni mzoga, hata kama amekufa dakika moja tu kabla ya kisu kufika. Nalisema hili kwa ajili ya wasiojua, maana bila hilo mtego wa babu yangu hauna maana yoyote.

Babu, baba yake mama, alikuwa na shamba Mururu, na alikuwa akitega kwale na kanga kwenye vichaka vya mlimani. Majirani zake nao walitega. Mti mwembamba mbichi unapindwa kama upinde, kamba inafungwa kwenye ncha yake, na mwisho wa kamba ni kitanzi kilicholazwa chini na kushikiliwa na kijiti cha kukanyaga. Mnyama akikikanyaga kijiti, mti uliopindwa unaruka juu na kitanzi kinakaza. Mitego ya majirani ilikaza mpaka mwisho. Asubuhi walikuta ndege amenyongwa, wakampeleka jikoni, basi. Babu hakuweza kula hivyo, na wafanyabiashara wa Kamembe waliokuwa wakinunua kwake hawakutaka ndege aliyekufa. Kwa hiyo aliweka fundo kwenye kamba yenyewe, mahali ambapo kitanzi kikibaki na upana wa vidole viwili kwa ndege, au kiganja kwa mnyama, kinafika hapo na kukwama. Mguu hautoki, shingo haitoki, lakini pumzi inapita. Mti nao aliupinda kwa upole, ili mnyama abaki amesimama kwa miguu yake akimsubiri mwenye kisu.

Mama alijifunza fundo hilo kwa babu, na mimi nilijifunza kwa mama. Ila mimi sikujifunzia Mururu. Nilijifunzia msituni, ng'ambo ya mto, nchi ya jirani, mwaka ule tuliokimbia vita.

Habari za mwaka ule wameziandika watu wanaojua zaidi. Mimi nilikuwa mtoto, na ninachokijua vizuri ni njaa. Tulikuwa watatu: mama, mimi, na mdogo wangu wa kike mwenye miaka minne. Baba alikuwa ameshafariki kabla. Tulikuwa tukitembea na watu wengine, kisha tukawa tunatembea peke yetu, na sikumbuki ni wapi hali ya kwanza iligeuka ikawa ya pili.

Wiki za kwanza tulikula samaki. Mama alisuka mgono kwa fito na maganda ya miti, kikapu kirefu chenye mdomo mpana na koo jembamba, akaulaza kwenye kijito ambapo samaki akiingia hapati njia ya kurudi. Samaki hachinjwi. Ukimkuta amekufa ni halali, ukimkuta hai ni halali, na nadhani mama hajawahi kumshukuru Mungu kwa kitu kama alivyomshukuru kwa wale samaki wadogo wenye miiba. Kisha tukasikia kwamba kukaa karibu na maji ni hatari, tukapanda juu, na kule juu hakukuwa na kijito.

Kule ndiko mama alipoanza kutega. Alitafuta njia nyembamba za wanyama kwenye majani, akachomeka vijiti pande mbili kama uzio mdogo ili mnyama asipate pa kupita ila kwenye kitanzi, na akaweka fundo la babu. Mwanamume mmoja aliyekutana nasi alimhurumia akamwonyesha mtego mwingine, wa jiwe bapa lililoegemezwa kwenye kijiti: mnyama akigusa chambo jiwe linamwangukia. Mama alimshukuru sana. Alipoondoka tu, mama alilitoa jiwe akalitumia kukalia. Nilikasirika nikalia. Nilikuwa nimeshaiona nyama chini ya lile jiwe.

Mara tatu tulikuta kitanzi cha mama kimejaa manyoya tu. Kiganja cha mama kilikuwa kikubwa kuliko shingo za wanyama wa kule; mnyama aliingia, akakwama, akajisokota, akatoka. Mama alipunguza upana, bado wakatoka. Mdogo wangu alikuwa ameacha kuomba chakula. Alikuwa akilala mgongoni kwa mama macho wazi, na mama alikuwa akigeuza shingo na kumpuliza usoni kila baada ya hatua chache ili amwone anapepesa.

Sasa niseme jambo ambalo nalikumbuka vizuri kuliko yote. Jioni moja mama alinituma nikategue na kutega upya mtego wa mbali, kwa sababu yeye alikuwa amechoka kusimama. Nikaliona fundo. Nikalifungua. Sikusahau, sikukosea; nilikaa chini nikalifungua kwa meno, kwa sababu lilikuwa limekaza, na nikakiacha kitanzi kiteleze mpaka mwisho kama vitanzi vya watu wengine. Sikumwambia mama.

Na hapa ndipo kichwa changu kinapovurugika. Asubuhi yake paa alikuwemo, paa mdogo wa msituni, si mkubwa kuliko mbuzi wa miezi michache. Nina kumbukumbu ambayo ndani yake paa yule anarusha miguu, macho yanazunguka, mimi napiga kelele namwita mama, mama anakuja mbio na kisu. Na nina nyingine ambayo ndani yake kuna sisimizi kwenye jicho lake. Zote mbili ni za kweli kwangu. Zote zina ukungu ule ule na majani yale yale yaliyolowa. Kwa miaka nilikuwa nikiichagua ya kwanza, nikiisimulia kichwani mwangu kila nilipolala, mpaka ikawa na maelezo mengi zaidi: rangi ya kitambaa cha mama, kipele kwenye kisigino chake alipokuwa akikimbia. Ya pili ilibaki na sisimizi tu.

Ninachojua kwa hakika ni kilichofuata. Mama aliniuliza kama paa alikuwa hai. Nikasema ndiyo. Akaniambia niape. Nilikuwa sijawahi kuapishwa maishani. Kuapa ni mambo ya watu wazima na wauza ng'ombe. Nikasema wallahi. Mama akasema bismillahi, akapitisha kisu, tukachoma, tukala. Mdogo wangu alitafuniwa na mama, akalishwa kidole kwa kidole, na siku ya tatu aliomba tena. Hivyo ndivyo alivyopona. Ni mwanamke wa Kigali sasa, mnene, mwenye kelele, na ana maoni juu ya kila kitu.

Tulirudi Kamembe. Maisha yakaendelea, nikajifunza kushona, nikaolewa, nikaachika, nikarudi kwa mama, au tuseme mama akarudi kwangu. Paa hakutajwa. Mama alikuwa akifunga Jumatatu na Alhamisi, lakini wako wengi wanaofunga siku hizo kwa sunna, na sikuwa na sababu ya kumuuliza. Ningemuuliza angenijibu mara moja tu, kwa ukali.

Kisha sukari ikaja. Daktari alimwambia mbele yangu kwamba kufunga sasa ni mwiko: si Jumatatu, si Alhamisi, na hata Ramadhani wataizungumza ikifika. Mama alimsikiliza kwa adabu, mikono mapajani. Tulipofika nje ya geti akaniambia kwamba keshokutwa ni Alhamisi na atafunga. Nikadhani nimesikia vibaya.

"Munganga anajua sukari," akasema. "Hii ingine haijue."

Nikamuuliza ni ipi hiyo nyingine, na ndipo, pale kando ya barabara, pikipiki zikipita, alipomtaja paa kwa mara ya kwanza tangu msituni, akimwita nyama, kama tunavyomwita mnyama yeyote.

"Ile nyama ilikuwa muzima?"

Nilihisi kama mtu amenivuta nguo kutoka nyuma. Nikawaza haraka, kama mjinga anavyowaza haraka. Nikaona kumbe mama anafunga kwa kuogopa kwamba tulikula mzoga. Nikasema moyoni: dawa yake ndogo. Nikamshika mkono nikamwambia kwamba alikuwa hai, wallahi, nilimwona kwa macho yangu akirusha miguu. Nilisema kwa sauti ya mtu anayegawa zawadi.

Mama aliupanga vizuri mtandio wake, tukaenda nyumbani. Wiki iliyofuata akafunga siku tatu mfululizo: Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Hakuwahi kufanya hivyo. Nilipigwa na butwaa. Nimemtuliza, na yeye ndiyo kwanza ameongeza. Nikamnyang'anya daku, akafunga bila daku. Nikaficha tende, akafuturu kwa maji.

Nikampigia simu mdogo wangu. Nilitaka anisaidie kumsema mama, na pia, nakiri, nilitaka anisaidie kukumbuka. Akasema yeye anaikumbuka ile nyama vizuri sana, ilikuwa na chumvi nyingi. Hatukuwa na chumvi. Hatukuwa na chumvi kwa miezi. Nikamwambia hivyo, akaapa kwamba chumvi ilikuwepo, na kwamba tulikula na ugali. Nikakata simu nikakaa. Kama yeye anakumbuka ugali ambao haukuwepo, mimi nakumbuka nini?

Nikaenda kwa shehe wetu, mtu mpole ambaye nimemshonea kanzu, nikamweleza hofu ya mama, nikamwomba aje nyumbani kama mgeni tu. Alikuja, akanywa chai, akalizungusha neno mpaka likafika msituni. Akamweleza mama kwamba mwenye kufa njaa ameruhusiwa hata mzoga, kwa kiasi cha kuokoa roho, na kwamba hapo hakuna dhambi wala kafara. Akamsomea na aya. Mama alikubali kila kitu. Alisema analijua hilo tangu utotoni. Akamsindikiza shehe mpaka mlangoni, akarudi, akaniambia nisimsumbue tena mtu mwenye shughuli zake. Nikamuuliza: kama anajua hakuna dhambi, anafunga nini? Akasema nishone, mteja wa saa kumi anakuja.

Mtu mwenye akili angekaa akaliangalia vizuri. Mimi nilikuwa na hasira, na hasira yangu haikai. Miezi miwili baadaye, asubuhi, nikiwa nimepiga magoti mbele ya mteja nikimpima urefu wa sketi, mama akauliza tena kutoka kwenye mkeka, bila utangulizi, kama ile nyama ilikuwa nzima. Mteja alidhani anaulizwa kuhusu bucha. Nikamjibu mama kwa ukali, pini zikiwa mdomoni: alikuwa hai, wallahi, na wallahi tena, naomba tuyamalize. Akafunga siku tatu nyingine. Siku ya tatu alianguka kati ya mkeka na mlango. Alikuwa anatoka jasho baridi na hakunitambua, akaniita kwa jina la dada yake. Walipompima sukari ilikuwa chini kiasi kwamba daktari alinitazama mimi na si yeye, akaniambia safari nyingine tunaweza kuchelewa.

Hapo niliogopa kweli. Nilimwogopa na mama pia, maana sikumwelewa. Nilihisi niko na mtu anayezama na kila nikimtupia kamba anazama zaidi.

Msimu wa mvua ulipoanza akataka kwenda Mururu. Kale kashamba ka babu bado tunako, mistari michache ya viazi vitamu na karanga mlimani. Alisema kuna kwale wanaofukua karanga alizopandiwa na kibarua wetu, na kwamba anataka tuwatege. Nilimwambia siku hizi kutega wanyama wa porini ni kosa. Akasema hatutakwenda porini, tutakaa kwenye karanga zetu, na kwale atakayeingia tutamfukuza kwa heshima. Nilikubali kwa sababu shambani anakula muhogo, na tulikuwa tunakwenda Jumatano, ambayo haikuwa siku yake ya kufunga. Tukapanda pikipiki mbili. Alivaa kofia ya pikipiki juu ya mtandio, akakaa upande, akamwambia dereva aende taratibu kwa sababu yeye si gunia.

Alinifanya nitege mimi. Aliketi kwenye kidumu cha maji kilichogeuzwa, akaelekeza kwa fimbo. Nilipinda mti, nikafunga kamba, nikafanya kitanzi, na mikono yangu ilifanya yote bila kuniuliza. Nilipofika kwenye fundo nilisimama. Sijui kama aliona. Nilipima vidole viwili, nikafunga fundo la babu, nikaulaza mtego. Mpaka leo sijui kama kweli kulikuwa na kwale kwenye karanga zile, au mama alitaka tu kuniona nikishika kamba. Nimemuuliza mara moja, hakujibu, na mara ya pili hairuhusiwi.

Tulilala kwa jirani, mwanamke tunayemwita shangazi ingawa si ndugu, na asubuhi, ikiwa Alhamisi, mama akiwa amefunga, tukaenda kuangalia. Mtego ulikuwa umeruka. Ndani yake kulikuwa na kuku mwekundu wa yule yule shangazi, mguu mmoja kwenye kitanzi, amesimama, mzima, ana hasira za kutosha watu watatu. Kwa hiyo kwale wa mama walikuwa kuku wa jirani. Kwa kawaida ningecheka mpaka nikae chini.

Nilimtoa nikambeba kumrudisha. Nilimbana kwapani, akatoa bawa moja akanipiga nalo usoni. Nikamshika miguu, akajipinda akanidonoa mkono. Nikamkumbatia kwa mikono miwili, akaninyea kwenye gauni ambalo nilikuwa nimelishona mwenyewe kwa kitambaa cha bei. Njia yenyewe ni fupi, mistari kumi ya viazi na ua, lakini nilifika natweta, nina manyoya mdomoni. Kuku tu. Shangazi alimpokea akacheka, akaniuliza kama nimekuja na kuku au nimekuja na chui.

Wakati wa kurudi, mikono ikiwa mitupu, nikasimama katikati ya viazi.

Nilikuwa nimembeba paa. Sikuwahi kulifikiria hilo. Sheria ya mama ilikuwa moja: ukimkuta hai usimguse, kaa mbali, niite. Lakini mimi sikumwita. Nilimbeba. Nilimzungushia shingoni kwangu, miguu ya mbele upande huu na ya nyuma upande huu, na nilitembea naye njia yote mpaka mama alipokuwa, na hakunidonoa, hakunipiga, hakunirushia mguu hata mmoja. Kichwa chake kilikuwa kikigonga bega langu kila hatua, kama mfuko. Nilikuhisi kugonga huko tena pale viazini, kwenye bega lile lile, la kushoto. Kisigino cha mama chenye kipele, mama akikimbia na kisu, hayo yote nilikuwa nimeyashona mwenyewe.

Nilikasirika, sijui kwa nani, labda kwa kuku. Na nilikuwa bado sielewi jambo kubwa, kwamba siku ile msituni mama alikuwa amekaa mahali ambapo aliniona nikija.

Nilimkuta kwenye kidumu chake, mikono ameificha chini ya kitenge. Nilipiga magoti kwenye udongo ili nisilazimike kumtazama kutoka juu.

"Maman," nikasema, "ile nyama nilikuta imekufa. Nilikuapia uongo."

Hakushtuka hata kidogo. Akaniuliza ni mara ngapi. Nikasema mara tatu: msituni, pale nje ya hospitali, na siku ya yule mteja wa sketi.

"Ya musituni haikuwa yako," akasema. "Nilikuona unakuya nayo ku mabega, kichwa inaning'inia. Nilijua ungali mbali, mbele ufike."

Nikamuuliza, kama alijua, kwa nini aliniapisha. Nilipandisha sauti, na sijutii. Mtoto wa miaka kumi.

"Juu ya njaa," akasema. "Mutoto alikuwa anakufa ku mugongo yangu. Nilijua Mungu ameruhusu, lakini roho yangu ilikataa kukata nyama imekufa. Nikataka muntu mwingine aseme ni muzima. Hapakuwa muntu mwingine. Ulikuwa wewe."

Alisema Jumatatu na Alhamisi zake zote zilikuwa za hilo, la kumtwika mtoto kiapo ambacho yeye mwenyewe alikuwa mwoga kukibeba. Kisha mimi, mtu mzima, mwenye cherehani yangu na nywele nyeupe ninazozipaka hina, nikaapa tena nje ya hospitali. Akaona uongo alionipa ningali nao. Kiapo cha uongo kafara yake, kwa asiyeweza kulisha maskini kumi, ni kufunga siku tatu. Akanifungia. Nikaapa mara ya pili, akanifungia tena. Alikuwa akiniuliza ili nipate nafasi ya kusema kweli, na mimi kila nilipopewa nafasi niliapa kwa nguvu zaidi. Nikamwambia kwamba mtu hamfungii mwenzake aliye hai, hata mimi najua hilo. Akasema na yeye anajua, lakini sukari ilikuwa ikimwambia kwamba siku zake si nyingi na aliniona sina haraka yoyote.

Nilifikiri tumemaliza. Kisha nikaona hatujamaliza, kwamba yeye amesema lake lote na mimi bado nimekalia langu. Lilikuwa zito kutoka kuliko lile la kwanza.

"Na fundo nililifungua mimi," nikasema.

"Fundo gani?"

"Ya kitanzi, Maman. Siku ile jioni uliponituma. Nililifungua na meno, makusudi, ili isitoke tena. Ndiyo sababu ilikufa."

Hilo alikuwa halijui. Niliona usoni kwake kwamba halijui, na nikatamani kulirudisha. Alitazama mtego ulioruka, ile kamba yenye fundo la baba yake inaning'inia juu ya karanga. Nilijua anamfikiria mdogo wangu, macho wazi mgongoni, anapulizwa usoni, siku baada ya siku, na vitanzi vitatu vilivyojaa manyoya tu. Nilisubiri anilaani au alie. Mikono yake ilikuwa imetoka nje ya kitenge na haikuwa inajificha tena.

"Ungelifungua siku ya kwanza," akasema.

Halafu akaomba maji. Ilikuwa saa nne asubuhi, Alhamisi. Nilimshikia kikombe kwa sababu mikono ilikuwa ikimtetemeka, akanywa yote, akaomba na muhogo, na akiwa bado anatafuna akaniambia siku zangu sita za kafara nianze Jumatatu.